Nilimfuta Ognyan, Bado Yumo

Zdravka wangu, nimeaibika.

Ognyan alipoacha kazi hapa kliniki, nilimwambia Dokta Vesela nimemfuta kwenye hifadhidata ya wagonjwa. Nilifuta mstari wake kwenye faili la mipangilio linaloorodhesha wenye ruhusa, seva, ile kompyuta inayotunza hifadhidata, ikajipanga upya kulifuata, ikasema sawa.

Leo Ognyan kapiga simu, Dokta akisikia: "Dada, mbona bado nawaona wagonjwa wenu?"

Bado anawaona! Miezi minne!

Kumbe lile faili huhakikisha tu mtu yupo. Ukifuta mstari, linaacha kumtaja, halimwondoi.

Nimemwondoa kwa amri niliyoiandika mwenyewe ndani ya hifadhidata. Dokta akauliza, "Na waliomtangulia kuondoka?"

Wamo wote saba. Hata Dokta Hristo, tuliyemzika mwaka juzi, ana ruhusa zote.

Vesela akanitazama. "Anza na walio hai."