Gauni Lililokwisha Siku ya Kwanza

Jumamosi, 3 Mei

Wiki ya saba ya ndoa! Bado naandika neno "mume wangu" polepole ili lisiishe haraka. Mume wangu. Haya, basi.

Leo klabu ya waandishi. Chumba cha nyuma cha maktaba, viti kumi na viwili, feni yenye kwikwi. Mwaka huu mimi ndiye mtunza kapu, kwa hiyo nafika mapema, nafuta meza, naliweka kapu katikati. Kila mtu anatumbukiza kazi yake, imepigwa chapa, bila jina. Kisha tunachota. Ukichota yako unairudisha kimyakimya. Mwingine ataisoma, na wakati watu wanatoa maoni mwenyewe hafungui mdomo — hata akichambuliwa kama mchele! Aliyesoma ndiye husema wa mwisho. Baada yake, mwandishi anajitaja akipenda.

Nimetumbukiza hadithi mpya. Fundi cherehani analetewa gauni apunguze upindo. Analimaliza siku ile ile. Lakini msichana akija kulichukua, fundi anamwambia, njoo kesho. Kesho yake, njoo kesho. Amempenda na hajui pa kuanzia! Jioni akishafunga duka anamvalisha gauni mdoli wake asiye na kichwa, anamwita Bibi Kimya, anamfanyia mazoezi ya posa. Siku tisa. Siku moja anaufumua upindo makusudi, ili angalau akisema "halijawa tayari" asiwe mwongo.

Sijabuni chochote. Fundi ni mume wangu. Msichana ni mimi! Alinieleza juma la kwanza la ndoa yetu, uso kaufukia kwenye mto, masikio yote ya moto. Akasema hajawahi kumwambia binadamu yeyote, na hili libaki letu wawili.

Lakini hadithi haina jina. Nani atajua?

Nesi ndiye aliyeisoma. Walicheka mpaka mlinzi wa maktaba akachungulia. Mwalimu mstaafu akasema huu sasa ni uongo uliopita kiasi — fundi gani anamaliza nguo siku ya kwanza? Suti yake yeye ina mwezi wa pili kwa fundi! (Suti hiyo iko kwa mume wangu. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.)

Nesi akasema mwanamume wa namna hii hayupo duniani, na akipatikana aletwe apimwe presha. Na mimi nimekaa, nimeuma ulimi. Yupo jamani! Yuko nyumbani anapika, ananisubiri!

Mwenyekiti alikuwa mtu wa posta miaka thelathini, bado hulamba kidole kabla ya kufunua ukurasa. Akalamba, akafunua, akasema hii iingie Siku ya Wageni, tarehe 17. Makofi. Nami nikapiga makofi. Mjinga mimi.

Jumapili, 4 Mei

Siku ya Wageni kila mmoja wetu huleta watu wake wa nyumbani. Wageni ndio wanaochota, na wao ndio wanaosoma. Jana sikulifikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nimelewa makofi.

Asubuhi mume wangu ameniuliza, jana mlisoma nini kizuri? Nikasema, mambo ya watu tu.

Mambo ya watu!

Mchana wifi amekuja. Tumekaa jikoni tunamenya vitunguu. Akaniambia, "Wifi yangu, umeolewa na sanduku. Huyu kaka yangu tangu mdogo hasemi. Hata homa, mpaka mama amguse shingoni ndiyo ajue." Halafu akanisogelea na kisu chake: "Wewe lakini anakwambia mambo, eti?"

Nikasema, kidogo.

"Ee, basi anakupenda. Mimi dada yake wa tumbo moja, sijawahi kuambiwa hata anapenda rangi gani."

Nikafuta macho. Akadhani ni vitunguu. Anasema naye atakuja tarehe 17, hakosi ng'o.

Jumatano, 7 Mei

Nimepeleka chakula dukani. Nilikuwa nimeamua: leo namwambia. Nimemkuta na pini sita mdomoni, futi shingoni, kapiga goti mbele ya mama mmoja mwenye haraka. "Shema, mke wangu, nakushikia." Kwa zile pini, kila s imekuwa sh! Nilicheka mpaka nikasahau ujasiri wangu wote. Nikasema nimekuja kukuona tu.

Bibi Kimya alikuwa pembeni, kavaa sare ya shule. Nilimkwepa. Naapa alikuwa ananitazama, na hana kichwa.

Lakini nimepata dawa! Kazi zilizochaguliwa huletwa tena zikiwa zimerekebishwa. Jioni nimebaki ofisini nikapiga chapa upya. Fundi cherehani sasa ni fundi viatu. Gauni ni kiatu cha kubadilishwa soli. Bibi Kimya ni mguu wa mbao wa kutengenezea viatu. Hakuna atakayemtambua, hata mwenyewe. Nimelala kidogo juu ya meza kwa furaha, bosi akapita.

Jumamosi, 10 Mei

Imeharibika.

Kawaida yetu: nakala mpya ikisomwa, tunapiga kura. Mpya au ya zamani. Itakayoshinda ndiyo inayokwenda kwa wageni. Nimeitumbukiza ya viatu, roho kwatu.

Mwalimu mstaafu akavua miwani. "Nani anaposa mguu wa mbao?"

Wakacheka. Nesi hakucheka. Akasema ile ya kwanza iliandikwa na mtu anayempenda mtu, hii imeandikwa na mtu anayejificha. Akauliza kiatu kinavalishwaje, kinapindwa wapi upindo, kiko wapi kile kifungo cha pili kutoka juu ambacho fundi alikuwa anakifunga na kukifungua akitafuta maneno? Kila aliyesema alisema kweli. Ndiyo maana nawapenda watu hawa. Ndiyo maana leo nilitaka kuwapiga na kapu.

Kura: kumi na moja kwa ya zamani, moja kwa mpya. Hiyo moja ilikuwa mkono wangu.

Ningeweza kuiondoa ile ya zamani. Kanuni inaruhusu, ila lazima usimame useme: hii ni yangu. Na nikisema ni yangu, Mwalimu anajua mume wangu ni nani, na suti yake iko wapi, na fundi wa "njoo kesho" ni yupi. Nilifungua mdomo. Mwenyekiti akadhani napiga mwayo, akasema tufunge, watu wamechoka.

Alhamisi, 15 Mei

Mume wangu anajishonea koti. Kwa ajili ya siku yangu! Kijivu, ukosi mwembamba. Amenivalisha mimi kwanza apime mabega, ingawa mabega yake ni mara mbili ya yangu. "Nataka wenzako wakiniona waseme, kumbe mwenzetu ana mtu."

Na suti ya Mwalimu ameimaliza. Ameipiga pasi usiku wa jana, ataikabidhi kesho. Anasema angechelewa tena, yule mzee angemsuta klabuni mbele ya watu wote.

Nikakaa kitandani. Nikaanza: kuna hadithi moja, siku hiyo, inaweza ikasomwa...

Akaniziba mdomo kwa mkono, kwa upole. "Usinihadithie! Nataka niisikie kama mgeni." Akakibusu kidole changu chenye wino.

Ningeondoa ule mkono. Ulikuwa mkono tu, si mlango wa chuma. Lakini ulinukia kitambaa kipya, na nikanyamaza. Napenda kunyamazishwa hivyo, ndiyo taabu yangu.

Kazi ni nane, wageni watakuwa ishirini. Najiambia atachota mwingine. Atasoma mwingine. Sisi tutakaa nyuma, nitamshika mkono, nitamwambia palepale sikioni kabla ya sentensi ya pili.

Jumamosi, 17 Mei

Niko klabuni. Naandika hapa hapa, daftari juu ya goti. Kila mtu anadhani naandika maoni.

Mimi mtunza kapu, kwa hiyo ni mimi niliyelipitisha. Mwenyewe! Wifi akachota shairi. Mume wa nesi akachota barua. Nikafika kwa mume wangu, koti la kijivu, pini mbili bado ziko kwenye ukosi, kazisahau. Akanikonyeza. Akatia mkono. Niliiona karatasi kabla yake, ile yenye doa la chai pembeni. Ningeweza kuliangusha kapu. Sikuliangusha.

Akasimama, akakohoa. Sauti yake ilianza kubwa, ya kujivunia, ya kunipendezesha mbele ya wenzangu. Fundi. Gauni. Njoo kesho. Watu wakacheka, wifi zaidi ya wote. Mwalimu, ndani ya suti yake mpya, akapiga paja. Kisha mume wangu akafika kwa Bibi Kimya.

Kidole chake kikasimama kwenye mstari. Feni ikalia mara nne, nilihesabu.

Nilidhani ataiweka chini. Akaendelea. Polepole sasa, kama anayepita na mkasi kwenye kitambaa cha mtu mwingine. Akasoma kifungo cha pili. Akasoma siku tisa zote. Wifi akaacha kucheka, akawa anamtazama kaka yake, tu. Na alipofika kwenye upindo — nimeandika, nakumbuka vizuri, nimepiga chapa mwenyewe — "akaufumua mara moja." Yeye akasoma: "akaufumua mara tatu."

Mara tatu! Hakuwahi kuniambia mara tatu.

Hakuinua macho. Mpaka sasa hajaniangalia.

Wanatoa maoni. Kanuni ile ile, siwezi kusema neno mpaka aliyesoma amalize, naye ni wa mwisho. Nesi amesema tena kwamba mwanamume huyu hayupo. Mume wangu ameinamisha kichwa. Wifi ameombwa maoni, akatikisa kichwa, akasema yeye hana, macho yake yananing'ang'ania. Mwenyekiti amelamba kidole akageuza karatasi isiyokuwepo. Sasa ni Mwalimu. Anasema mwandishi huyu, awaye yote, ama amebuni vizuri sana ama ameiba nyumbani kwa mtu.

Amekaa. Zamu imefika.

Mume wangu anasimama. Amezipanga zile kurasa, amezinyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukata. Anachomoa pini moja kwenye ukosi wa koti. Anazibana pamoja, pembeni, taratibu, asijichome. Sasa anainua uso, anatafuta nilipokaa. Naweka kalamu chini.