Vitambaa Nilivyofua

Wodi ya Wazazi,
Benchi la korido,
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko ugenini? Kifua kimepona? Bado unavaa soksi mbili mbili? Mimi ni mzima, ila naandikia gotini, uvumilie mwandiko.

Umepata mjukuu wa kike, analia kama king'ora. Mwanetu alijifungua vizuri asubuhi. Sasa ni saa nane mchana na hali yake ni mbaya. Sitakuficha.

Kosa ni langu. Unanijua mimi Mama Sabuni. Kila kitambaa kilicholowa damu nilikichomoa, nikakimbilia bombani, nikafua, nikaanika. Niliona haya mkunga akute uchafu. Kila akipita anakuta shuka safi, anaridhika. Hadi mwanetu akapauka midomo, akaniambia, "Mama mkubwa, mbona baridi hivi?" Na jua lilikuwa linawaka.

Mkunga akauliza, "Vitambaa viko wapi, mama?" Nikamwonyesha kamba. Akahesabu kumi na moja, akatoka mbio kumwita daktari. Bora angenigombeza.

Aliporudi naye, mkunga akamtoa mwanetu damu kidogo, akaitia kwenye kichupa cha kioo, akakifumbata kiganjani, macho kwenye saa ya ukutani. Kwa kawaida damu huganda ndani ya dakika saba. Ya mwanetu ilichezacheza kama maji hata dakika ya kumi. Daktari akasema imeishiwa vile vinavyoigandisha, ndiyo maana haikomi kutoka. Wamemtundikia damu na plazma, yale maji ya damu yenye vigandishi hivyo, na dawa ya kubana kizazi. Mkweo, mumewe, pandikizi la mtu lile, alijitolea damu, kisha akazirai. Tumemlaza hapa benchini, miguu inaning'inia.

Ngoja. Mkunga amechukua damu nyingine. Amefumbata. Namwona mlangoni, nahesabu naye. Nne. Tano. Naogopa, mdogo wangu. Sita.

Amekipindua kichupa kichwa chini, na damu imebaki palepale! Ameniita nione mwenyewe. Nimelia mpaka mkweo kaamka.

Daktari anasema hawatabandua macho kwake kwa siku mbili. Kitambaa kilichofuata kilikuwa na doa dogo tu.

Msalimie shemeji na yule mtundu wako wa mwisho. Mungu atulindie mwanetu, nawe unisamehe.

Dada yako akupendaye,
Mama Sabuni,
ambaye kitambaa cha kumi na mbili amemkabidhi mkunga mkononi, bila kukifua.