React, Laravel na Mazishi ya Mjomba

Jumatano. Joto la kunata, ziwa halitoi hata upepo. Nimechoka, na nusu ya uchovu huu ni aibu.

Jumamosi tunamzika Mjomba, Baba Otieno kwa wengi, nyumbani kwake Seme, karibu na Kombewa. Auntie, mjane wake, aliniomba ukurasa mmoja tu wa mtandao: picha yake, ratiba ya mazishi na njia ya kufika bomani kwake. Mimi ndiye mtu wa kompyuta wa ukoo huu, niliyejifundisha kwa video na ukaidi. Nikasema siku mbili.

Acha nikiri hapa, mahali ambapo Auntie hasomi.

Najua lugha ya Python. Django, zana yake ya kujengea tovuti, nimeishi nayo miaka mitano, na kazi hii ningeimaliza nayo kabla ya chakula cha mchana. Lakini matangazo ya kazi siku hizi yanataka lugha ya JavaScript na zana yake, React, nami sikuwa na mradi wa kujifunzia. Halafu Mjomba akafariki.

Ndiyo. Nilifanya mazoezi kwenye msiba.

Na React ni tamu, sikatai. Unajenga ukurasa kwa vipande vidogo, ukibadilisha kimoja vingine havishtuki. Django ina utaratibu wake kwa kila kitu na haipendi ubishi. Nikaifanya picha ya Mjomba ijitokeze polepole, jambo ambalo mwenyewe hakuwahi kulifanya. Yeye aliingia kila mahali kwa kelele.

Jana mazishi yakasogezwa kutoka saa saba mchana hadi saa nne asubuhi. Watu lazima wajue upesi, la sivyo watakuta kaburi limeshafunikwa. Leo Auntie akafungua ukurasa kwa simu yake ya zamani, sebuleni kwake hapa mtaani Kaloleni.

"Nyathina, mwanangu, hii ni nyeupe tu. Baba Otieno ako wapi?"

"Kwangu inafunguka, Auntie."

"Sasa watu wote wa Seme wakuje kwa simu yako?"

Kosa ni langu, si la React. Django, na Laravel ya lugha ya PHP, hupanga ukurasa kwenye seva, yaani kompyuta inayoutuma, simu ikapokea kitu kilichoiva. Mimi nilituma furushi la msimbo ili simu ijijengee yenyewe, na ya Auntie ikashindwa. Hata React inaweza kupangwa kwenye seva. Sikuwa nimefika somo hilo.

Mwangi, jirani ambaye baba yake ana duka la hardware mjini, alikuwa amekuja kutupa pole. Anaandika PHP, kwa Laravel. Miaka miwili nimemwambia hiyo ni lugha ya wazee. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Ratiba mpya iko wapi?"

Auntie aliporudi kutoka kusindikiza wageni, ukurasa alioutengeneza Mwangi ulikuwa tayari kwenye laptop yake. Hauna sura: maandishi meusi, picha moja, hakuna kinachocheza.

Ningeweza kuomba muda hadi jioni niandike upya kwa Django. Nilifungua mdomo, kweli. Halafu nikamwangalia Auntie, nikampa Mwangi nywila ya tovuti aweke wake.

Auntie akafungua tena. Picha ikaja mara moja. Aliweka kidole kando ya uso wa mumewe.

"Hapo sasa," akasema. "Huyo ndiye yeye."

Asubuhi nitawapigia watu wa Seme wafungue ukurasa waone saa mpya. Wakiniuliza nani ameutengeneza, nitasema Mwangi.

Nadhani nitasema.