Msuko Uliorudishwa Langoni

Al-Malqa, Riyadh

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai miguu imepungua kuvimba. Kaka ameniambia unakataa hata uji, na khitma ya dada yetu Saumu umeizuia, eti huwezi kumsomea dua mtu ambaye hukuonyeshwa maiti yake. Unataka nikuletee walau nywele zake. Sijakasirika, mama. Ila nikueleze kwa nini niliogopa, na hofu yenyewe ilitoka kwa mzee ninayemtunza hapa.

Mzee huyu, babake bosi, alizaliwa Jeddah. Wazazi wake walitoka China kuja kuhiji, wakabaki. Kwa upande wa mama yeye ni Mmanchu, wale wapanda farasi waliotawala China zamani. Hadithi zake zote ni za babu yao mmoja, mtu wa ukoo mkubwa. Ujanani alilinda lango la mfalme, akapanda cheo hadi kuongoza vikosi vya farasi. Alishinda vita vya milimani, akapewa unyoya wa tausi avae kofiani. Mwisho akatumwa misitu ya kusini, na huko homa ikaua askari wengi kuliko adui.

Wanaume wa Kimanchu walikuwa wanasuka nywele. Aliyefia mbali, kama maiti haibebeki, msuko wake ulikatwa ukapelekwa kwao kuzikwa. Basi vikosi vya babu vilipokuwa vinaikimbia ile homa, misuko ikachanganyika. Babu akarudi na heshima zake zote, na mama mmoja akaja langoni, msuko mkononi.

"Akasema, huu si wa mwanangu," mzee alinisimulia. "Mwanangu nilimsuka mwenyewe tangu mdogo. Huyu uliyenipa ni nani? Babu akauchukua, akauzika kwenye makaburi yetu, akaacha jeshi. Halas, basi tena. Mpaka anakufa alikuwa anamsikia yule mama anagonga."

"Na kijana mwenyewe alikuwa nani, baba?"

"Mafi, binti. Hajulikani. Tunamwombea bila jina."

Tangu hapo geti likigongwa, hata ni mleta maji tu, nashtuka.

Saumu alipofariki kwa homa kule Jeddah, karatasi zilichelewa, akakaa kwenye friji la maiti muda mrefu. Madam, mke wa bosi, kwa kuwa siku hizi wanawake wameruhusiwa usukani, alinipeleka kituo cha basi la Jeddah mwenyewe. Mkasi wa kumkata nywele za kukuletea nilikuwa nao mkobani.

Sura ilikuwa imebadilika, mama. Sitakuficha. Nilisimama mbele ya uso nisioujua, na waoshaji wananihimiza, "Yalla, dada, tumwahishe." Yule mama wa langoni nilimsikia kama yuko mlangoni pale pale. Nikajiambia, nikikosea hapa, mama yangu atamlilia mtoto wa mwenzake, na Saumu wetu atalala bila wa kumlilia. Nikasema niacheni nimwoshe mimi. Nikamwosha taratibu, kichwa, mikono, mpaka miguuni.

Mkasi sikuutoa. Tulimsuka misuko mitatu kama inavyotakiwa, akaenda na nywele zake zote. Usinilaumu kwa hilo.

Nisalimie kaka na mkewe, shangazi anayekupikia, na jirani anayekuchotea maji. Mzee hapa anakupa pole, ameomba na jina la Saumu alitie kwenye dua zake.

Waache wasome khitma, mama. Kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kimepanda juu ya mwenzake, kama chako. Nilikishika mpaka kikapata joto la mkono wangu. Ni Saumu.

Binti yako uliyebaki naye,
Mwanaidi