Kamera ya Rejoice na Yale Niliyokuficha

Kata ya Yakobi,
Njombe.
10 Oktoba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Peace,

Kamwene. Pokea salamu kutoka nyumbani. U mzima? Ule mgongo uliokusumbua kwa kumwinua bibi unayemtunza umepata nafuu? Joto la huko Muscat limepungua, au bado mnashinda mmejifungia ndani? Huku ni baridi na ukungu. Leo mpaka saa nne asubuhi hatukuuona mlango wa jirani. Mama anatembea kwa fimbo, lakini anatembea. Nilizoea kukwambia kwamba sote hatujambo. Leo sitaandika hivyo, na sababu utaiona mbele.

Nianze na kamera, maana ndiyo uliyoniulizia mara nyingi. Mwezi wa saba uliniambia kwenye simu, "Dada, mnunulie Rejoice kamera, siyo simu. Kitu rahisi kisichovunjika, apige anachokiona yeye. Nikirudi nataka niione hii miaka miwili kwa macho yake." Nikakuitikia. Kisha nikakaa miezi miwili bila kwenda dukani, nawe ukadhani nimepuuza. Sikupuuza, Peace. Niliogopa kumchagulia kitu mtoto ambaye wewe humjui tena.

Kama umesimama, keti kwanza. Rejoice hasikii. Hasikii kabisa, masikio yote mawili, tangu mwezi wa tatu.

Nitakueleza ilivyokuwa bila kupunguza neno. Ilikuwa wiki ya kuvuna viazi. Jumatatu aliamka na homa, kichwa kinamuuma. Nilimpa panadol, nikamfunika blanketi, nikamwacha na Mama, nikaenda shambani kwa sababu lori la wanunuzi lilikuwa linakuja Jumatano. Jumanne akatapika, nikasema ni baridi tu. Jumatano asubuhi nilipotaka kumvalisha sweta, shingo ilikuwa imekakamaa, haikunjiki, na macho yake yananipita kama hanioni. Ndipo nikaita bodaboda, nikamkumbatia njia nzima mpaka hospitali mjini. Walisema ni homa ya uti wa mgongo. Alilazwa wiki tatu. Walimpigania kweli, sina la kuwalaumu. Siku aliyozinduka vizuri nilikuwa nimesimama nyuma ya kitanda, nikamwita jina lake. Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu. Aliyegeuka ni mgonjwa wa kitanda cha pili.

Daktari alisema usikivu umekwenda na hautarudi. Kama ningempeleka siku ile ya Jumatatu ingekuwaje? Sikumwuliza. Niliogopa jibu, na mpaka leo naliogopa.

Mama ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema, "Baba wa mtoto tumeshamzika. Ukimwambia na hili, atalia peke yake kwenye nyumba za watu, au ataacha kazi aje alie hapa. Mwache amalize mkataba." Nikatii. Na nilitii upesi, kwa sababu kukuficha habari ya masikio kulinisaidia kuficha na zile siku mbili nilizokwenda shambani.

Ulikuwa ukipiga simu kila Jumapili. Nilimfundisha mtoto maneno matatu, nikimwonyesha kwa mdomo mpaka ayakumbuke. Ukishatoa salamu, mimi nilimgusa bega, naye akasema, "Shikamoo mama. Sijambo. Nakula." Ukimwuliza swali, niliichukua simu nikakwambia mtandao unakata. Siku moja ulicheka, ukasema mwanao amekuwa mkimya kama mzee wa kanisa. Nikacheka na wewe. Kicheko kile hakijanitoka mpaka leo.

Basi mwezi uliopita nilimshika mkono tukaenda kutafuta kamera. Tulianzia Njombe mjini kwa Kristofa, yule mwenye studio ya picha. Alitutolea kamera ndogo nyembamba ambayo lenzi yake huchomoza ukiiwasha. Rejoice aliiwasha, lenzi ikatoka, akashtuka, akaanza kuisukuma irudi ndani kwa kidole. Kristofa akaidaka. "Hii haimalizi mwezi kwa mtoto," akasema. "Vumbi likiingia hapo mbele, basi." Akaleta nyingine ya plastiki, ya rangi ya waridi, yenye masikio ya paka. Picha zake zilikuwa na ukungu, lakini akasema watoto wanaipenda kwa sababu ina nyimbo kumi ndani. Akaifungulia nyimbo. Rejoice alikuwa anaangalia dirishani. Nilimrudishia kamera yake, nikamshukuru, tukatoka.

Wiki iliyofuata tulipanda gari kwenda Makambako. Nilielekezwa kwa Ashura, mama mmoja aliyehamia pale kutoka Kondoa, anauza vifaa vya umeme vilivyotumika karibu na soko. Ni mtu wa maneno mengi. Alimwinamia Rejoice akamwuliza jina. Akamwuliza tena. Akanigeukia, "Mtoto wako ana madaha huyu."

Nikasema, "Hasikii." Miezi sita, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kulisema neno hilo mbele ya mtu nisiyemjua.

Ashura hakunipa pole. Aliirudisha rafuni kamera aliyokuwa ameishika. "Basi hii haifai," akasema. "Hii ikipiga picha inalia tu. Yeye atajuaje kama imepiga?" Akapekua boksi moja hadi chini, akatoka na kamera ya rangi ya machungwa, imezungushiwa mpira pembeni, ina mikwaruzo. Lenzi yake imelala ndani ya kioo, haichomozi. Vitufe atakavyohitaji ni viwili tu, cha kuwasha na cha kupigia. Ukibonyeza, taa nyekundu inawaka mbele, na picha inaonekana hapo hapo kwenye kioo cha nyuma. Nilitaka kamba ya kuvaa shingoni, akanikatalia. Alisema mtoto atanaswa kwenye uzio, bora ya mkononi. Kisha akaiangusha sakafuni, kwenye saruji, puu! Nilishika kifua. Akamwashiria Rejoice aiokote. Rejoice akaiokota, akaigeuza, akabonyeza. Taa ikawaka. Peace, alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu hospitali.

Wakati Ashura anatutafutia chaja, akauliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikamwambia uko Muscat, kwamba mimi ni mama yake mkubwa.

"Na yeye anasemaje juu ya masikio?"

Nikaanza kuhesabu hela za kamera.

"Hajui?" Akaketi kwenye kigoda. "Mimi nilifichwa msiba wa baba yangu miezi mitano. Nilikuwa Songea na mume wangu, nina mimba, wakasema nisishtuliwe. Walidhani wananihurumia. Nilimlilia baba, nikaja nikailia na ile miezi mitano, kwa sababu kila siku nilikuwa namwombea Mungu ampe afya. Ndugu zangu nimewasamehe. Lakini mpaka leo wakinipigia simu wakasema wazima, siamini."

Mpwa wake Rukaiya anafanya kazi huko huko Muscat, yuko likizo, anarudi tarehe ishirini. Ashura akasema nikiandika barua, itafika mkononi mwako. Nikasema nitafikiri. Nilikuwa bado mwoga.

Sasa nikueleze mtoto alivyoitumia. Imeshaanguka mara nyingi, imezama kwenye tope la bustani, nimeisuuza kwa maji ya kopo na inafanya kazi. Nilidhani atapiga kuku na maua. Yeye anapiga midomo ya watu. Mdomo wa Mama usio na meno ya mbele, mdomo wa jirani yetu Hosea anapoita mbwa, midomo ya watoto wenzake. Anasogea mpaka karibu kabisa na uso wa mtu anayeongea, anabonyeza, halafu anakaa barazani anaikuza picha na kuiangalia. Mwanzoni nilimkataza, nikadhani ni utundu. Baadaye nikaelewa. Anatafuta kile tunachokisema.

Na maneno yake yanapungua. Yale aliyoyajua kabla ya kuugua anayatamka kwa kuparaza, mengine ameyaacha. "Maharage" limekwenda. "Kesho" limekwenda. Wiki hii nimegundua kwamba haniiti tena mama mkubwa; ananivuta khanga.

Jumapili iliyopita ulipiga. Tulikuwa jikoni. Tulipomaliza kuongea, Rejoice alikuwa amesimama mbele yangu na kamera, akanionyesha picha. Ni mimi, simu iko sikioni, natabasamu kwa mdomo, na macho yangu, mdogo wangu, ni macho ya mwizi. Aliigusa simu kwenye ile picha, akaniangalia, akasema "Mama?" kwa sauti ya kuuliza. Kumbe siku zote alikuwa anajua kwamba kwenye simu ile uko wewe, na kwamba mimi ndiye nimesimama katikati yenu.

Niliiacha sufuria motoni, nikaenda kumwambia Mama kwamba naandika. Nilitegemea atanigombeza. Badala yake akasema, "Andika kwamba ni mimi niliyekataza." Akafunika uso kwa kitenge. Nimeandika, kama alivyotaka. Lakini wewe ujue kwamba yeye alikataza mara moja tu. Mimi ndiye niliyedanganya kila Jumapili.

Kuna jambo moja haliwezi kusubiri. Iko shule ya bweni ya watoto viziwi, huko Iringa, wamekubali kumpokea mwezi wa kwanza. Watamfundisha lugha ya alama na kusoma. Nilikwenda kuiona, mabweni ni safi, na watoto wanaongea kwa mikono kwa kasi mpaka nikaona haya kwa kutoelewa. Ni mbali, ana miaka sita, na atadhani tunamtupa, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu mwenye uwezo wa kumweleza kwamba likizo tutamfuata. Mama anasema abaki. Mimi naona akibaki atanyamaza kabisa. Nilijaribu kukuamulia na hili pia. Fomu niliijaza yote. Nilipofika kwenye sahihi ya mzazi, mkono ukakataa. Fomu iko ndani ya bahasha hii, pamoja na picha kumi na moja ambazo Kristofa ametusafishia. Ile yangu ya jikoni nimeiweka juu ili uanze nayo.

Ukitaka kurudi, rudi. Ukitaka kumalizia mkataba, sitakuhukumu. Ukisema asiende, hataenda. Ila sema wewe.

Hosea na mkewe wanakusalimu. Hao walijua, nao niliwafunga mdomo, usiwakasirikie. Mama anakuombea kila akiamka, na sasa anaomba kwa sauti, nadhani ili nami nisikie. Rejoice hajui kama nakuandikia. Amelala hapa kwenye mkeka na kamera imefungwa mkononi, na nimeshindwa kuivua bila kumwamsha.

Mungu akushike hapo ulipo unaposoma haya, asikuache hata dakika moja peke yako. Jumapili ijayo Rukaiya atakuwa hajafika, na wewe utapiga simu kama kawaida. Sitamgusa bega mtoto. Nitakwambia tu kwamba barua iko njiani, na wewe utajua kuna kitu, na tutakaa hivyo mpaka ikufikie.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata kama hutanijibu,

Fidelia