Barasa, Uliwaaga wa Houston Tu

Barasa,

Nina miaka sabini na miwili. Nimevuka vita viwili, nimeishinda kambi ya wakimbizi kule Kigoma, nimemzika mke, na ile mashine ya kufulia mashuka ya hoteli nilikofanya kazi, iliyowakimbiza vijana wenye misuli, imekufa mimi nikiwa bado nipo. Sasa nimekuzika na wewe, mdogo wangu wa miaka mingi. Shule mimi niliichungulia dirishani, na mkono wangu ni mzito. Binti yangu Konsolata alitaka kuniandikia, nikakataa. Hasira ya mtu haiandikwi na mwingine.

Wageni nilikuletea mimi, usisahau. Wewe ulikuwa na elimu na ofisi yako huko Carrollton. Mimi nilikuwa na meza na watu. Kila aliyeshuka hapa kwetu Mesquite akaanza kubeba maboksi ghalani, akasema anataka kujifunza kompyuta, aliambiwa nenda kwa Mzee Melkiori. Nilimlisha maharage, nikakupigia simu, ukaja Jumamosi. Nitajie mzee mwingine Texas nzima aliyefungua shule ya namna hiyo jikoni kwake.

Kueleza ulijua, hilo sikunyimi. Uliwafundisha kuandika programu za kuzifanya kompyuta mbili zizungumze kwenye mtandao. Unamkumbuka Esperansi, siku programu zake mbili zilipoganda, kimya, asijue kosa liko wapi? Ukasoma, ukacheka mpaka ukavua miwani. Binti wa watu alikuwa ameziandika zote mbili zikisubiri kukaribishwa. Kwao mgeni mwenye adabu hatangulii kusema, anasimama uani mpaka mwenye nyumba amwone. Ukamwambia, "Dada, hapa mgeni ndiye anayepiga hodi. Mwenyeji kazi yake ni kusikiliza." Akabadilisha kidogo, zikasalimiana. Mimi kosa nilikuwa nimeshaliona. Nilinyamaza tu nisikuharibie.

Likabaki somo moja: mwenyeji mmoja apokee wageni wengi kwa pamoja asimwache yeyote nje. Ulisema hilo ndilo wataulizwa kwenye intavyuu za kazi. Ukaahidi Jumamosi inayofuata. Hukuja. Simu ikaita, ikaita, mwishowe haikuita tena. Niliwaambia Mwalimu ana shughuli. Nilikutetea, Barasa, mimi! Esperansi akaenda kuuliza kwenye mtandao, kule wanakokusanyika wajuzi. Wakamjibu kwamba swali lake ni la kitoto, akasome kwanza. Akaingia kwenye intavyuu hivyo hivyo. Wakamuuliza lile lile, likamshinda. Akarudi kwenye maboksi, na mgongo wake unaujua ulivyo.

Kumbe ulikuwa Houston. Kumbe unaumwa na ulijua. Kwa ugonjwa sikulaumu. Nitakulaumuje? Lakini kwenye maziko yako nilimsikia kijana mmoja, Wanjala, akitoa shukrani: jinsi ulivyowakusanya wanafunzi wako wengine, wa Houston, kando ya kitanda, ukawamalizia masomo, ukamshika kila mmoja mkono, ukawaaga. Nikamfuata, nikamuuliza, na lile la wageni wengi je?

"Hilo ndilo alianza nalo, Mzee."

 Hao ni watu wa ofisini, wana shahada zao, mnataniana kwa lugha ya kwenu. Wangu ni wabeba maboksi. Ulipima, ukachagua. Kama sivyo, basi sijui. Ungeniambia tu. Neno moja kwenye simu, hata la uongo. Kwetu mgeni aliyelala siku moja huaga. Wewe umekula kwangu miaka.

Basi nikasimama mbele ya waombolezaji, nikauliza wangu watamaliziwa na nani. Konsolata akanivuta koti, sikukaa. Wanjala akasema atawafundisha kwa video. Nikamwambia kwangu mtu hafundishwi na kioo, aje ale maharage. Na amekuja, njia yote hiyo kutoka Houston. Hana utani wako, na chumvi anaiogopa. Lakini Esperansi amelishika somo. Ameomba kazi tena, jibu bado. Jana amefika mama wa Kikongo, anauliza kama ni hapa. Nikamwambia ni hapa.

Lala, Barasa. Kukusamehe, bado, sitakudanganya eti kwa sababu huwezi kunijibu. Ila nakuahidi, meza haifungwi. Na mimi siku yangu ikikaribia nitawaaga wote, mmoja mmoja kwa jina lake, na huyo mama wa jana pia, hata kama watachoka kunisikiliza.

Usidhani nimetia chumvi. Mkeo Naomi alikuwepo, ndiye aliyenisogezea kiti nilichokikataa. Konsolata alikuwepo, ameendesha gari kutoka mazikoni mpaka kwake Mansfield bila kunisemesha. Na muulize Esperansi. Yeye ndiye uliyemwacha, na hajakutaja kwa ubaya hata siku moja. Huyo ndiye shahidi wangu.

Melkiori