Nyota Kumi, Mkono Mmoja

Jumapili, Desemba 3

Mdomo wangu huu utanitia pabaya. Umeshanitia.

Leo misa ilipoisha Tiya Perfecta, mwenyekiti wa mapambo pale kigangoni, kasimama mbele na boksi. Ndani mipira ya plastiki — myekundu, ya dhahabu, inang'aa kama meno ya bandia. Anasema mwaka huu tumwache Lola Densya apumzike kufuma nyota za mti wa Noeli, mkono wake si mnaujua. Watu wakatikisa vichwa, maskini, maskini. Kweli mkono wa kulia wa bibi yangu umelala tangu kiharusi cha Agosti. Lakini mwenyewe alikuwa palepale, benchi la mbele! Niliona tu mkono wa kushoto — vidole vinachezea rozari kana kwamba vinatafuta uzi.

Nikaropoka. "Nyota zipo! Kumi zote!"

"Kazifuma nani?"

"Mimi hapa."

Kigango kizima kicheko. Hata padri alijifanya anakohoa. Bogs, ninayeosha naye pikipiki pale stendi, akapaza sauti: "Toto hajui hata kufunga kamba za viatu!" Uongo. Mimi huvaa ndala.

Tiya Perfecta akasema haya, bwana fundi. Watoto waliobatizwa mwaka huu ni kumi. Nyota kumi, mezani kwangu, tarehe 24 kabla ya misa ya jioni. Ikipungua moja kuna mama atalia mbele ya pango la Noeli, na mimi kilio sikitaki. Ikipungua moja hakuna nyota itakayopanda mtini, hata zile za zamani. Tunatundika mipira, basi.

Zile za zamani! Mia tatu na kitu. Lola kafuma moja kwa kila mtoto aliyebatizwa hapa, tangu mama yangu hajazaliwa.

Na mimi sijawahi kushika sindano ya kroshia.

Jumatatu, Desemba 4

Lola kaniita asubuhi. Mdomo wake umepinda upande, maneno yanatoka yamelowa, lakini ukali uko vilevile.

"Umeahidi kwa mkono wa nani?"

"Wangu, Lola."

"Huu unaovunja sahani?"

Akanitupia sindano. Kitu kidogo, chuma, kina kichwa kama ndoana. Akasema funga uzi kidoleni, chomeka, vuta. Rahisi! Nilivuta. Uzi ukanifunga kidole mpaka kikawa cha zambarau, Manang Nita ikabidi akate kwa mkasi. Huyo dada yangu alicheka mpaka mtoto aliyekuwa ananyonya akaamka na kulia.

Kucheka kitu gani. Kesho nitakuwa bingwa.

Jumanne, Desemba 5

Sijawa bingwa.

Jumamosi, Desemba 9

Nyota ya kwanza! Nilifuma siku tatu, nikitoka kuosha pikipiki mikono bado inanuka grisi. Lola anasema, mimi nafuma. Anahesabu vitanzi kwa namba zile za Kihispania tunazotajia saa — uno, dos, tres. Shuleni nilifika darasa la nane tu, lakini namba nazijua, asinibabaishe mtu.

Tatizo ni mdomo wake. Mbili ni dos. Kumi na mbili ni dose. Kwake sasa zote ni "dosh". Kila nilipofika kwenye ncha akawa anasema dosh, nami nafuma kumi na mbili. Nikaona vitanzi vinaning'inia kama masikio ya mbuzi, nikajua ndiyo fasheni.

Nikamkabidhi kwa madaha. Akaipapasa. Akaipapasa tena. Mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa nikijua kiharusi kimerudi — kumbe anacheka! Anacheka machozi! Tangu Agosti hajacheka.

"Dosh, Toto! Dosh! Vidole viwili!" Ananyoosha viwili vya mkono wa kushoto. "Hii umemfumia nani, popo?"

Nikafumua yote. Lakini nitakuwa nakosea makusudi siku moja moja, acha acheke.

Jumanne, Desemba 12

Leo sijui nianzeje. Mimi, wa kukosa maneno!

Nilishusha kopo la biskuti lenye nyota za zamani ili niige mfano. Nikamuuliza ipi ni ipi, nikimtania, nikijua hawezi kujibu. Macho yake yana ukungu siku nyingi. Nikachomoa moja, nikamwekea kiganjani.

Akaipitisha chini ya dole gumba. "Nemesio wa mashine ya mpunga. Alizaliwa katanguliza miguu. Ncha hii si umeona imegeuka?"

Nikaangalia. Imegeuka! Ncha tano zinatazama nje, moja inatazama ndani.

Nikampa nyingine. Mapacha wa kwa fundi cherehani, nyota mbili zimeungana kwa kitanzi kimoja. Nyingine. Nyingine. Nilizichanganya, nilimfunga macho na taulo, nilimrudishia moja mara mbili. Hakukosea hata mara moja! Ishirini na saba nilihesabu, mkono wangu ndio ukachoka.

Katika kila moja kaweka kosa lake. Makusudi. Kosa dogo, huwezi kuliona mpaka uonyeshwe, na hakuna makosa mawili yanayofanana. Padri ana daftari lake la ubatizo. Lola ana kopo.

Halafu akashika moja, akatabasamu kwa ule upande mzima. "Perfecta. Ncha moja kubwa kuliko wenzake." Perfecta, mtu ambaye jina lake tu maana yake ni kukamilika! Nilitaka nitoke mbio hivyohivyo nikamtangazie. Akanidaka shati. Nikitoboa siri, nyota hafundishi tena. Nikaapa.

Nikauliza yangu iko wapi. Nilijua yangu haina kosa. Akachakura mpaka chini kabisa bila kutazama, akaitoa. Katikati kuna kitanzi kimoja hakikufungwa. Kimebaki wazi.

"Mdomo huo," akasema. "Ulipiga kelele tangu mlangoni, padri akasahau jina lako."

Nimekaa nayo mpaka wali ukapoa. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuona theluji, hata Lola. Lakini miaka yote hii, kila Desemba, nilikuwa naning'inia pale kwenye ule mvinje wetu wa Noeli, uliopakwa chokaa uwe kama wa theluji, mdomo wazi, na sikujua.

Jumatatu, Desemba 18

Sita! Nina sita! Mwambieni Bogs!

Alikuja mwenyewe kuchungulia. Eti kapita tu. Kashika moja kwa ncha za vidole kama anashika kifaranga, akauliza hii ya nani. Nikamwambia ya binti wa yule dereva, alizaliwa ndani ya pikipiki ya kigari kabla hawajafika zahanati, ndiyo maana mzunguko wa kwanza una haraka, umeruka kitanzi. Bogs hakutania. Akasema, "Mimi yangu ipo?" Nikamwambia ipo. Akauliza ina nini. Nikamwambia siri ya mafundi, nenda kaoshe pikipiki.

Kesho nazikausha ziwe ngumu. Lola kasema wanga mtupu, uji mwepesi, chovya, kamua, bana na pini kwenye ubao. Wanga mtupu, karudia mara tatu. Lakini nimeona kwenye simu kuna watu wanatia sukari, nyota inakauka ngumu kama kioo. Mbona wazee hawapendi maendeleo?

Jumanne, Desemba 19

Kama kioo! Ukigonga inalia ti! Sijamwambia Lola siri ya ufundi wangu. Atashangaa.

Jumatano, Desemba 20

Sisimizi.

Mstari mmoja mweusi kutoka jikoni, wakapanda mguu wa meza, wakaingia ubaoni. Nyota zote sita zilikuwa nyeusi, na zinatembea. Mimi na akili zangu nikazipitisha juu ya moto wa jiko ili waanguke. Wakaanguka. Sukari nayo ikaungua. Uzi ukawa kahawia, ukakatika kama mkate mkavu.

Nina kashata sita.

Manang Nita alipoona hakucheka. Hapo ndipo nilipojua nimeharibu. Kafunika tu mdomo, mtoto begani. Ya huyo mtoto, Marikit, mpwa wangu, ndiyo ya kumi. Lola kasema tangu mwanzo hiyo iwe ya mwisho.

Zimebaki siku nne na nyota kumi, na mimi moja hunichukua siku moja na nusu. Hesabu hiyo hata wa darasa la nane anaiweza.

Nilimwambia Lola mwenyewe. Nilisimama mlangoni, si karibu. Akaniuliza nilitia nini. Nikasema sukari. Akafumba macho kitambo.

"Mimi nilitia asali," akasema. "Mwaka wangu wa kwanza."

Kisha akasema nioge, nilale, kesho nije na kiti.

Alhamisi, Desemba 21

Naandika upesi, mkono unauma, sijali.

Kaniweka kiti upande wake wa kulia, ule uliolala, nikae bega kwa bega. Mkono huo akauinua kwa mwenzake, akaulaza mapajani kwangu kama paka. Kisha akachukua uzi kwa mkono wa kushoto, akauzungushia kidole cha shahada, akashika kazi kwa dole gumba. Akasema, "Leta wako."

Mkono wake wa kushoto, mkono wangu wa kulia. Mtu mmoja!

Mwanzoni tuligongana. Nachomeka, yeye hajafungua. Anafungua, mimi nipo kwingine. "Unakimbilia wapi, kuna moto?" Kisha — sijui nielezeje — ikaanza kwenda. Nikichomeka naukuta uzi upo. Sikuuona ukija. Upo tu! Na hakuhesabu tena kwa mdomo. Dos wala dose, hamna. Vitanzi vikitimia anavuta uzi kidogo, kama samaki anayeonja chambo, nami nasimama. Tukifika mahali pa kosa havuti, anaacha nipite. Nikipita anavuta.

Kupitia uzi nilikuwa nasikia kidole chake. Kidole kina miaka sabini na nne na hakina wasiwasi hata kidogo.

Nyota nne kwa siku moja. Nne! Na sijajisifu, nasema tu.

Ijumaa, Desemba 22

Tatu. Wanga mtupu. Bogs kaweka miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, sisimizi wasipande, na kakaa na ufagio kama askari wa benki. Kila baada ya muda: "Vipi, mafundi?" Lola kamwambia aache kupumua juu ya nyota.

Jumamosi, Desemba 23

Mbili tu. Lola amechoka. Mchana kidole chake kililegea, uzi ukaniponyoka mara nyingi, tukaacha. Sasa ni tisa, zote nyeupe, ngumu, kila moja na kosa lake.

Tiya Perfecta kapita kuangalia. Kahesabu kwa kidole, tisa. Kasema tisa si kumi. Lakini kainama, kazitazama kwa muda mrefu kuliko wa kuhesabu. Nilimtazama nikafikiria ile ncha yake kubwa. Nilijing'ata ulimi! Sijasema! Niandikiwe kwenye vitabu mahali.

Alipoondoka nikamuuliza Lola kosa la Marikit litakuwa lipi, nijiandae. Kasema hajui bado.

Lola hajui! Kila mtoto yeye hujua palepale maji yanapomgusa kichwani.

Jumapili, Desemba 24

Saa kumi alasiri. Kengele ya kwanza imeshalia.

Manang Nita yuko kizingitini, kamvalisha Marikit gauni jeupe, anambembeleza akiyumbayumba. Bogs katoka kigangoni, anasema huko mvinje umesimama mtupu, kopo la Lola upande huu, boksi la mipira upande ule, na Tiya Perfecta katikati anaangalia saa.

Ya kumi iko mikononi mwetu. Ncha tano tayari. Tulikwenda vizuri kabisa, uzi ukavutwa, nikasimama, ukavutwa, nikasimama. Kosa hakuna mpaka sasa. Basi litakuwa kwenye ncha ya sita, lazima, hakuna pengine.

Nikaanza ncha ya sita. Uno. Dos. Nikasubiri avute.

Hakuvuta.

Nikasema moyoni ndilo lenyewe, napita. Tatu. Nne. Hajavuta. Tano. Nikapunguza mwendo. Sita. Uzi unakuja tu, laini, kila nikichomeka upo. Saba.

Nimesimamisha sindano. Nimesingizia kidole kinauma, nimechukua kalamu, yeye kashikilia kazi. Marikit kaanza kupiga kelele pale mlangoni, kelele kubwa, kengele ya pili yenyewe haisikiki vizuri. Lola anamsikiliza kama anasikiliza redio.

Nimemuuliza, "Dos au dose, Lola?"

Katazama dirishani, kama si yeye ninayemsemesha. Ule upande mzima wa mdomo unatabasamu. Nimerudisha mkono kwenye sindano, nikagusa uzi nisikie.

Kidole chake hakimo. Ameuachia, kazi kanisukumia mimi: kosa la Marikit nichague mwenyewe.